Kufufua au Kuunda Mbadala? Vinasaba vya Kale, Uhariri wa Jeni na Hatima ya Kifaru Mweupe wa Kaskazini

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanasayansi wanavyotumia vinasaba vya kale na uhariri wa jeni katika juhudi za kurejesha viumbe waliotoweka na kuwanusuru wale waliosalia wachache. Mfano mkuu ni kifaru mweupe wa kaskazini, ambaye majike wawili wa mwisho wanatunzwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, kaunti ya Laikipia. Makala yanashikilia kwamba kitenzi "kufufua", ambacho kimezoeleka katika taarifa za habari kuhusu suala hili, kinaahidi mengi kuliko yale ambayo sayansi yenyewe inadai kuyatenda. Kwa sababu hiyo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana jukumu la kubuni na kusambaza istilahi zitakazomwezesha Mkenya wa kawaida kulijadili jambo hili bila kupotoshwa.

1.0 Utangulizi

Tarehe 19 Machi 2018 kifaru dume aliyeitwa Sudan alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta. Alikuwa na umri wa miaka 45. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu na vidonda vya uzee havikuwa vikipona tena, hata madaktari waliomtunza wakaamua kumpumzisha. Sudan alikuwa dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini duniani kote. Aliacha majike wawili: bintiye Najin, aliyezaliwa mwaka wa 1989, na mjukuu wake Fatu, aliyezaliwa mwaka wa 2000. Kwa hesabu ya mfugaji yeyote, majike wawili bila dume ni ukoo uliokwisha.

Hata hivyo, ukoo huo haujatangazwa kuwa umekwisha. Katika mitungi ya naitrojeni baridi huko Ulaya na Marekani kumehifadhiwa manii, seli za ngozi na viinitete vya kifaru huyu. Wataalamu kutoka Kenya, Ujerumani, Ucheki, Italia na Japani wanajitahidi kuvigeuza vitu hivyo kuwa ndama anayepumua. Wakati huohuo, kampuni nchini Marekani zinatangaza kuwa zitawarejesha wanyama waliokufa maelfu ya miaka iliyopita.

Huenda msomaji akauliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mnyama anayezungumziwa yuko katika ardhi yetu na analindwa na askari wetu. Pili, mijadala yote kuhusu mnyama huyo hufanywa kwa lugha za kigeni, kisha hutufikia katika tafsiri za haraka ambazo aghalabu hupotosha maana. Makala haya yatatangulia kueleza sayansi yenyewe, kisha yatamrejelea kifaru wetu, na hatimaye yatalijadili suala la istilahi.

2.0 Vinasaba vya Kale: Kusoma Muswada Uliochakaa

Kila seli ya kiumbe ina maelezo ya namna ya kukijenga kiumbe hicho. Maelezo hayo yameandikwa katika molekuli ndefu iitwayo DNA, kwa "herufi" nne: A, T, G na C. Jumla ya maandishi yote ya kiumbe mmoja huitwa jenomu. Kiumbe anapokufa, maandishi haya huanza kuharibika. Vimeng'enya, maji, joto na bakteria huyakatakata mpaka yakabaki vipande vifupi vya herufi chache.

Mwanafunzi wa fasihi anaweza kuielewa hali hii kwa kuzingatia miswada yetu ya kale. Mhariri wa tungo kongwe zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama vile Utenzi wa Tambuka wa mwaka wa 1728, hukutana na karatasi zilizotoboka, beti zilizopotea na nakala zisizokubaliana. Aidha, herufi moja ya Kiarabu huweza kuwakilisha sauti /b/, /p/ au hata /mb/, na ni mhariri anayeamua ipi ilikusudiwa. Mtaalamu wa vinasaba vya kale hukumbana na tatizo linalokaribiana na hilo. Herufi C ikiharibika kwa muda mrefu, mitambo huisoma kana kwamba ni T. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya DNA inayopatikana katika mfupa wa kale huwa si ya mnyama mwenyewe bali ya bakteria waliouvamia mfupa huo, au hata ya mtu aliyeushika. Kwa hiyo mtaalamu huchukua mamilioni ya vipande, huvilinganisha na jenomu ya jamaa wa karibu aliye hai, kisha huvipanga hadi matini ikaonekana. Mahali pasipo na kipande hubaki pengo.

Usomaji huu ulianza mwaka wa 1984 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Russell Higuchi, Allan Wilson na wenzao walisoma herufi 229 za DNA ya kwaga, mnyama wa jamii ya punda milia aliyeishi Afrika Kusini. Kwaga wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka wa 1883. Herufi hizo chache zilitoka katika ngozi iliyohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho, nazo zilitosha kuonyesha kwamba kwaga alikuwa jamaa wa karibu wa punda milia. Tangu hapo taaluma hii imepiga hatua kubwa, na mwaka wa 2022 Svante Pääbo alitunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa utafiti wake kuhusu jenomu za binadamu wa kale.

Ipo mipaka, hata hivyo. Utafiti uliofanyiwa mifupa ya ndege aitwaye moa wa New Zealand, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulikadiria kwamba katika joto la nyuzi 13 hivi nusu ya viungo vya kipande cha DNA huvunjika kila baada ya takriban miaka 521. Penye barafu uharibifu huwa wa polepole zaidi. DNA ya mamothi, yule ndovu wa kale mwenye manyoya, imesomwa kutoka kwa meno ya Siberia yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja, na mwaka wa 2022 ilitangazwa kwamba DNA ya miaka milioni mbili imesomwa kutoka kwenye udongo wa Greenland. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hivyo wanaotarajia kuwaona dinosaria kama katika filamu watangoja bure. Hii pia ndiyo sababu DNA ya kale ni haba katika nchi zetu za joto: jua letu halihifadhi.

Licha ya uhaba huo, taaluma hii imekwisha kugusa historia ya Waswahili wenyewe. Mwaka wa 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na makazi ya bara. Ilibainika kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa kina mama, na sehemu kubwa iliyosalia ilitoka Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa kina baba. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka wa 1000. Pamoja na hayo, lugha waliyoizungumza wazao wao ilibaki kuwa ya Kibantu. Jenomu ilieleza nani alizaa na nani. Haikueleza watoto walilelewa kwa lugha gani. Tulikumbuke jambo hili, kwani litatufaa tutakapomrejelea kifaru.

3.0 Kutoka Kusoma hadi Kuandika

Kusoma maandishi ya kiumbe aliyetoweka ni jambo moja, na kumpata kiumbe hai kutokana na maandishi hayo ni jambo jingine. Zipo njia tatu ambazo zimejaribiwa.

Njia ya kwanza ni uzalishaji wa kuchagua. Mwaka wa 1987 Reinhold Rau alianzisha mradi wa kwaga nchini Afrika Kusini. Punda milia wenye mistari michache walichaguliwa na kuzalishwa wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, hadi wakapatikana wanyama wanaofanana na kwaga kwa rangi. Mnyama huyo ana sura ya kwaga, lakini hakuna anayejua iwapo ana mengineyo aliyokuwa nayo kwaga.

Njia ya pili ni kloni. Kiini cha seli ya mnyama hutiwa ndani ya yai lililotolewa kiini chake, kisha kiinitete kinachopatikana hupandikizwa katika tumbo la uzazi la mama mbadala. Kondoo Dolly alizaliwa hivyo mwaka wa 1996. Njia hii huhitaji seli iliyohifadhiwa vizuri. Mfupa mkavu haufai. Mbuzi-mwitu wa milima ya Pyrenees, aitwaye bucardo, alitoweka mwezi Januari mwaka wa 2000 wakati jike wa mwisho, Celia, alipoangukiwa na mti. Seli za ngozi yake zilikuwa zimechukuliwa na kugandishwa mwaka uliotangulia. Wataalamu walipandikiza viinitete katika mbuzi 57. Saba walishika mimba, na mmoja tu ndiye aliyezaa, mwaka wa 2003. Mtoto huyo aliishi dakika chache akafa kwa kasoro ya mapafu. Hivyo, bucardo ndiye mnyama wa kwanza kurejeshwa baada ya kutoweka na ndiye wa kwanza kutoweka mara mbili.

Njia ya tatu ni uhariri wa jeni. Mwaka wa 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza jinsi mfumo uitwao CRISPR, ambao bakteria huutumia kujikinga na virusi, unavyoweza kugeuzwa kuwa mkasi wa kukata DNA mahali palipochaguliwa. Walipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka wa 2020. Kwa mkasi huu, mtaalamu huchukua seli ya mnyama aliye hai, huondoa herufi chache na kutia nyingine zilizosomwa katika jenomu ya jamaa yake aliyetoweka. Ifahamike kwamba hapa hakuna jenomu ya kale inayoingizwa nzima nzima. Jenomu inayobaki ni ya mnyama aliye hai, iliyofanyiwa masahihisho hapa na pale.

Mfano uliozua mjadala mkubwa ni ule wa kampuni ya Colossal Biosciences ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 2021 na Ben Lamm na George Church. Mwezi Aprili mwaka wa 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba imemrejesha mbwa-mwitu mkubwa wa Amerika ya kale, aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. DNA yake ilikuwa imesomwa kutoka kwa jino la miaka 13,000 na fuvu la miaka 72,000. Watoto watatu walizaliwa na kupewa majina Romulus, Remus na Khaleesi. Kilichofanyika ni kwamba seli za mbwa-mwitu wa kijivu, ambaye yupo hadi leo, zilifanyiwa mabadiliko 20 katika jeni 14, kisha mbwa wa kufugwa wakabeba mimba. Mabadiliko 20 ni kitu kidogo mno katika jenomu yenye herufi zaidi ya bilioni mbili. Zaidi ya hayo, utafiti wa mwaka wa 2021 ulikuwa umeonyesha kwamba nasaba za wanyama hao wawili zilitengana mamilioni ya miaka iliyopita. Haikushangaza, basi, kwamba wataalamu wa wanyama wa jamii ya mbwa katika Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, walikataa kuwaita watoto hao mbwa-mwitu wa kale.

Kampuni hiyohiyo inakusudia kumpata mamothi kwa kuhariri seli za ndovu wa Asia. Hata mpango huo ukifaulu, ndovu hubeba mimba kwa miezi 22 na huzaa ndama mmoja. Je, ni ndovu wangapi, ambao wenyewe wamo hatarini, watakaofanywa vyombo vya majaribio? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sayansi ya kweli iliyomo katika miradi hii isichanganywe na maji ya matangazo ya biashara.

4.0 Kifaru Mweupe wa Kaskazini

Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi Uganda, Chad, Sudan, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Katika miaka ya 1960 walikuwa takriban 2,000. Ujangili wa pembe na vita viliwamaliza, na kufikia mwaka wa 1984 walisalia 15 hivi katika mbuga ya Garamba, Kongo. Ulinzi ulipoimarishwa waliongezeka hadi takriban 30, kisha vita vikazuka tena na wote wakatoweka porini. Mwezi Desemba mwaka wa 2009 vifaru wanne, Sudan, Suni, Najin na Fatu, walisafirishwa kutoka bustani ya Dvůr Králové nchini Ucheki hadi Ol Pejeta, kwa matumaini kwamba hewa na nyasi za Afrika zingewafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka wa 2014, Sudan akafuata mwaka wa 2018, na uchunguzi ulionyesha kwamba Najin na Fatu hawawezi kubeba mimba.

Hapo ndipo mradi wa BioRescue ulipoingia, ukiongozwa na Thomas Hildebrandt wa taasisi ya Leibniz ya Berlin kwa ushirikiano na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, hifadhi ya Ol Pejeta na bustani ya Dvůr Králové. Mnamo tarehe 22 Agosti 2019 mayai yalitolewa kwa mara ya kwanza katika ovari za Najin na Fatu. Mayai hayo hupelekwa kwa ndege hadi maabara ya Cremona, Italia, ambako hurutubishwa kwa manii ya madume waliokwisha kufa. Najin alistaafishwa mwaka wa 2021 kwa sababu ya umri. Kufikia mwezi Januari mwaka wa 2024 viinitete 30 vilikuwa vimepatikana, na vyote vilitokana na mayai ya Fatu.

Kwa kuwa viinitete hivyo ni adimu, wataalamu waliamua kujaribu kwanza kwa kiinitete cha kifaru mweupe wa kusini, ambaye yupo kwa maelfu. Mwezi Septemba mwaka wa 2023 jike wa kusini aliyeitwa Curra alipandikizwa kiinitete huko Ol Pejeta. Mwezi Novemba mvua kubwa ilinyesha, mafuriko yakafukua vijidudu vya Clostridium vilivyokuwa udongoni, na Curra akafa kwa ambukizo. Alipopasuliwa alikutwa na kijusi cha kiume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4. Msiba huo ndio uliothibitisha kwamba njia hii inaweza kufaulu kwa vifaru. Ni nadra kwa habari njema kutangazwa ikiwa ndani ya tanzia.

Tatizo kubwa limebaki kuwa wembamba wa ukoo. Viinitete vya mama mmoja na madume wachache haviwezi kujenga kundi lenye afya. Ndugu wakizaana, kasoro za kurithi hujilimbikiza. Ni katika hatua hii ambapo mbinu tulizozieleza zinaingia. Seli za ngozi za vifaru 12 wa kaskazini zimehifadhiwa katika barafu. Mwaka wa 2011 watafiti nchini Marekani walizigeuza seli za Fatu kuwa seli shina, yaani seli zenye uwezo wa kukua kuwa aina yoyote ya seli. Mwaka wa 2022 Katsuhiko Hayashi na wenzake nchini Japani walipiga hatua nyingine: seli shina za jike aliyeitwa Nabire, aliyekufa mwaka wa 2015, zilikuzwa hadi zikafanana na seli za awali zinazozalisha mayai na manii. Lengo ni kupata mayai ya vifaru waliokufa bila kumgusa aliye hai.

Vilevile, ngozi na mifupa iliyomo katika makumbusho inaweza kusomwa ili kujua ni tofauti zipi za kijeni zilizopotea. Wapo wataalamu wanaopendekeza kwamba tofauti hizo zirudishwe kwa uhariri wa jeni katika wanyama walio hai. Njiwa wa waridi wa Mauritius ametolewa mfano: aliwahi kusalia ndege 10 hivi, akaongezeka hadi mamia, lakini umaskini wa kijeni ungalimwandama. Nchini Marekani, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche mwenye miguu myeusi, ambaye kundi lake lote linatokana na wanyama saba, alipata nasaba mpya kwa njia ya kloni: Elizabeth Ann alizaliwa mwezi Desemba mwaka wa 2020 kutokana na seli zilizogandishwa mwaka wa 1988. Mwaka wa 2024 kloni mwingine wa ukoo huo, Antonia, alizaa watoto. Kwa maoni ya mwandishi, matumizi ya aina hii yana manufaa ya hakika kuliko ndoto ya mamothi, kwa sababu makao ya mnyama yapo, jamaa zake wapo, na hasara inayozibwa inajulikana.

5.0 Masuala Tata

Suala la kwanza ni malezi. Tuliona kwamba jenomu za Waswahili wa kale hazikueleza lugha yao. Kifaru naye hujifunza kwa mamaye mahali pa kunywa, namna ya kuishi na wenzake na hatari za kuepuka. Ndiyo maana wataalamu wa BioRescue wanataka ndama azaliwe kabla ya Najin na Fatu kufa, ili apate wa kumfunza ukifaru wa kaskazini. Akizaliwa baada yao, atakuwa na jenomu ya kaskazini na malezi ya kusini. Mamothi hatakuwa na hata hilo. Atakuwa yatima tangu siku ya kwanza.

Suala la pili ni vipaumbele. Sababu zilizommaliza kifaru hazikuwa za kijeni. Zilikuwa bunduki, pembe na soko. Nchini Kenya kifaru mweusi alipungua kutoka takriban 20,000 mwaka wa 1970 hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo wamepita 900, na waliokolewa na askari, ua, hifadhi maalum na sheria. Hakuna jeni iliyohaririwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hofu iliyopo ni kwamba wanasiasa wakiamini kuwa kila kilichopotea kinaweza kurudishwa kutoka kwenye mtungi wa barafu, hawatauona ufa. Kwa upande mwingine, haitakuwa haki kudai kwamba kila shilingi ya maabara imeibwa kwa askari wa mbuga. Mara nyingi mfadhili wa maabara si yule wa ua, na maarifa yaliyopatikana kwa kumhudumia Fatu yanaweza kuwafaa vifaru wengine, mathalani wale wa Sumatra.

Suala la tatu ni umiliki. Mayai hutolewa Laikipia, hurutubishwa Italia, na viinitete huhifadhiwa Ulaya. Baadhi ya wazazi wa vifaru hao walikamatwa katika nchi ya Sudan, ukoo wao ukatunzwa Ucheki, kisha vifaru wakaletwa Kenya. Ndama akizaliwa atakuwa wa nani? Itifaki ya Nagoya ya mwaka wa 2010 inataka manufaa ya rasilimali za kijeni yagawanywe kwa haki na nchi zinakotoka. Sheria yetu ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka wa 2009 nayo inasimamia viumbe waliobadilishwa kijeni. Lakini sheria haiwezi kutetea haki ambayo wenye haki hawaielewi. Mkazi wa Laikipia anayeulizwa maoni yake katika kikao cha hadhara anahitaji kwanza kuelezwa kwa lugha anayoielewa ni nini hasa kinachofanywa. Hapa ndipo tunapofikia suala la istilahi.

6.0 Suala la Istilahi

Kitenzi kilichozoeleka ni "kufufua". Kitenzi hiki kinakumbusha "mfu" na "wafu", na katika dini zetu, Uislamu na Ukristo, ufufuo ni kurudi kwa yuleyule aliyekufa. Hata katika fasihi, mhusika anayefufuka katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001), ni babu yuleyule. Angekuwa mzee mwingine aliyevishwa kanzu yake, hadithi isingekuwa na maana. Watoto watatu wa mbwa-mwitu waliozaliwa Marekani si wale waliokufa. Ni wanyama wa leo waliotiwa sifa chache za wale wa kale. Kusema "wamefufuliwa" ni kutamka jambo ambalo halikutokea.

Vigezo vya kuunda istilahi vinavyofahamika kwa jina la PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na Kiingi, vinatilia mkazo usahihi, iktisadi, uzalishaji, uangavu na kukubalika, miongoni mwa mengine. Kwa kuzingatia vigezo hivyo, mwandishi anapendekeza yafuatayo.

Kwanza, zoezi zima liitwe "urejeshaji wa spishi". "Kurejesha" hakudai kwamba kilichorudi ni kilekile. Mtu hurejesha deni kwa noti nyingine na deni likalipika.

Pili, mnyama anayepatikana kwa uhariri wa jeni aitwe "spishi mbadala". Mwongozo wa IUCN wa mwaka wa 2016 kuhusu suala hili ulikwepa kusema kwamba waliotoweka wanarudi. Ulizungumzia viumbe wanaochukua nafasi yao. "Mbadala" inaibeba dhana hiyo barabara, na inakubaliana na "mama mbadala" ambayo imekwisha kuzoeleka.

Tatu, "uhariri wa jeni" upendelewe kuliko "uhandisi wa jeni" pale ambapo herufi chache ndizo zinazobadilishwa. Msomaji wa Kiswahili anajua kazi ya mhariri na mipaka yake: mhariri husahihisha kitabu, hakitungi.

Nne, tahadhari ichukuliwe kuhusu majina ya wanyama wenyewe. "Mbwa mwitu" hapa kwetu ni mnyama wa Afrika mwenye madoa, ambaye naye yumo hatarini. Jina hilo likitumiwa kwa mnyama wa Amerika bila maelezo, mwananchi atadhani anayezungumziwa ni yule wa Samburu.

Kwa kifaru wa kaskazini, hata neno "kurejesha" halihitajiki bado. Najin na Fatu wangali hai. Kinachofanywa ni "kunusuru". Tofauti baina ya kunusuru na kurejesha si ya maneno matupu. Anayenusuru ana mtu wa kumlinda leo, ana ua wa kuukagua na askari wa kumlipa mshahara. Anayerejesha anaweza kungoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vinasaba vya kale ni matini yenye mapengo, kwamba kuyasoma ni hatua moja na kuyaandika ni nyingine, na kwamba mnyama anayepatikana kwa uhariri ni mbadala wa aliyetoweka. Yameonyesha pia kwamba mbinu hizi zina manufaa ya hakika zinapotumiwa kuongeza uhai wa makundi yaliyodhoofika, kama inavyotarajiwa kwa kifaru wa Laikipia.

Mwandishi anapendekeza mambo mawili. Mosi, vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na idara za biolojia kuandaa faharasa ya istilahi za vinasaba na uhifadhi, na kuipeleka kwa watangazaji wa redio na maafisa wa wanyamapori. Pili, watahini wa tafsiri watumie matini za aina hii, kwani ndizo mwanafunzi atakazokutana nazo kazini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Wataalamu wanajaribu kutufundisha kwamba pengine matone machache yanaweza kuzolewa, kwa gharama kubwa na kwa uchungu mwingi. Siku ndama atakapozaliwa Ol Pejeta, mtangazaji atashika kipaza sauti na kutafuta neno. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba neno sahihi analo.